Miaka Yangu ya Kupima Dau

Chini ya kila meza ya poka ya mtandaoni kuna kisanduku kidogo cha kuandikia kiasi cha dau. Asiyeujua mchezo hutazama karata. Mimi nililipa kodi ya nyumba kwa kisanduku kile. Katika poka isiyo na kikomo unaruhusiwa kuandika humo kiasi chochote, kuanzia kima cha chini mpaka senti ya mwisho uliyonayo mezani, na uhuru huo ndio kazi yenyewe. Karata ni bahati, na ukicheza muda mrefu kila mtu hupata ree zake na takataka zake kwa kadiri ileile. Kiasi hakigawiwi na mtu. Unakichagua mwenyewe, mara mamia kwa saa, na pengo kati ya aliyechagua kwa hesabu na aliyebahatisha ndilo lililokuwa mshahara wangu.

Nilitoka Mombasa kwenda Uingereza kusoma, nikaishia Leicester kwenye ghala la nguo, zamu ya usiku. Ilikuwa miaka ile poka imeshika moto duniani. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, alikuwa amelipa dola 86 kuingia shindano la kufuzu kwenye intaneti, akapata kiti Las Vegas na kuondoka bingwa wa dunia na dola milioni 2.5. Baada ya hapo kila mwenye kompyuta aliona zamu yake iko njiani. Meza zilijaa watu waliokuja kwa ajili ya hadithi ile, na wachache waliokuja kufanya kazi. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye karata za barazani kule Kibokoni, Mombasa, ambako wazee hawakuweka hata shilingi, lakini ole wako ukisahau kwamba ree ya shupaza imeshapita. Mazoezi yale yalinisaidia kiasi. Kilichonisaidia zaidi ni hesabu za asilimia, zilezile za shule ya msingi.

Tuseme katikati ya meza pana kitita cha dola 100, na mpinzani ameweka dola 50. Unatakiwa ulipe 50 ili ugombee jumla ya 200. Hiyo ni robo: ikiwa nafasi yako ya kushinda inazidi asilimia 25, lipa. Akiweka 100 unahitaji theluthi. Akiweka 200 unahitaji asilimia 40. Sasa geuza upande. Anayepiga mkwara, yaani anayeweka dau bila karata nzuri, kwa dola 50 ili achukue 100 anahitaji utupe karata zako mara moja tu katika tatu. Akipiga kwa 100, anahitaji mara moja katika mbili. Kila dau, kwa hiyo, ni bei unayomtajia mwenzako, na mwenye kutaja bei bila kujua mwenzake anaweza kulipa nini anafanya biashara gizani. Wengi niliokaa nao miaka ile walikuwa na bei moja tu, theluthi mbili ya kitita, wawe na ree mbili au wasiwe na kitu.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo ilipotoka sehemu kubwa ya fedha zangu. Meza ni ya madau ya lazima ya dola 1 na 2, na kila mtu ameketi na dola 200. Kabla ya karata tano za mezani, ambazo ni za wote, kufunuliwa, mmoja kapandisha dau, wewe umepandisha juu yake, naye kafuata. Kitita sasa kina kama dola 40, na kila mmoja wenu amebakiwa na 180. Una ree mbili. Mbele yako zipo hatua tatu za kuweka dau: baada ya karata tatu za kwanza, baada ya ya nne, na baada ya ya tano. Ukiweka theluthi ya kitita kila hatua, utaweka 13, kisha 22, kisha 37. Mpinzani aliyekufuata mpaka mwisho atakuwa amelipa 72, na dola zake 108 ataondoka nazo salama. Sasa weka asilimia 58 kila hatua: 23, halafu 50, halafu 107. Jumla ni 180. Zote. Hakuna dau hata moja kati ya hayo linalotisha, kila moja linazidi kidogo tu nusu ya kilichopo, lakini kitita kimetoka 40 kikafika 400.

Kitita hukua kwa kuzidishwa, na macho yetu yamezoea kujumlisha. Ndiyo maana dau la kwanza, ambalo wengi huliandika bila kufikiri kwa sababu ni dogo, ndilo linaloamua ukubwa wa la mwisho. Nilijizoeza kuanza na swali la mwisho: karata ya tano ikifunuliwa, nataka kiwe kimebaki nini cha kuweka? Kisha narudi nyuma. Jibu linatofautiana sana kulingana na ukubwa wa kitita cha kuanzia. Kama aliyepandisha ni mmoja tu, akaweka dola 5, na mwenye dau kubwa la lazima akafuata, kitita kina dola 11 na kila mmoja bado ana 195. Kuziingiza zote kwa hatua tatu kunadai dau linalokizidi kitita kizima, kama asilimia 116, kila mara. Mwaka 2008 ungeandika kiasi hicho, meza nzima ingekuona umechanganyikiwa. Hesabu ilikuwa wazi wakati huohuo, ila haikuwa desturi.

Bila shaka mpinzani naye ana akili. Dau kubwa likiwa la ree tu, atajifunza kukimbia kila akiliona. John von Neumann na Oskar Morgenstern walilionyesha hilo mwaka 1944 katika kitabu chao cha nadharia ya michezo, ambacho kina sehemu nzima ya poka: mkwara ni sehemu ya lazima ya mchezo sahihi, wala si ujanja wa pembeni. Na mkwara una kipimo chake. Ukiweka dau linalolingana na kitita kwenye hatua ya mwisho, kwa kila mara mbili unapoliweka ukiwa na karata za nguvu, beba mkwara mmoja. Ukiweka nusu, mmoja kwa tatu. Ukiweka mara mbili ya kitita, mikwara miwili kwa kila mara tatu za nguvu. Kinyume na watu wanavyodhani, kadiri dau linavyokuwa kubwa, ndivyo linavyoweza kubeba mikwara mingi zaidi.

Ugumu ni kuchagua ni karata zipi za kupigia mkwara. Nilizipenda hasa zile zilizomzuia mpinzani kuwa na kitu. Mezani ziko kopa tatu, na mimi nina ree ya kopa bila kopa nyingine. Sina kitu, lakini najua kwa yakini kwamba hakuna mwingine anayeweza kuwa na kopa tano zenye ree. Aliye na kopa ndogo mbili atalitazama dau langu la mara moja na nusu ya kitita, na ile ree anayoiogopa ninayo mimi.

Siku moja Mama alipiga simu akauliza, "Mwanangu, hiyo kazi ya kompyuta ni kazi gani?" Nikamwambia kweli: "Ni karata, Mama. Za pesa." Akanyamaza. Kisha akasema pesa hizo zisijenge chumba chake wala zisimsomeshe mdogo wangu. Sikubishana naye. Niliendelea na zamu za Jumamosi ghalani kwa ajili ya ada ya mdogo wangu tu, na akaunti mbili za benki sikuzichanganya kamwe. Alikuwa ameona jambo ambalo wachezaji wengi hulifunika: kila dola niliyoshinda ilikuwa na mwenyewe, na kampuni yenye meza ilikata sehemu yake kabla hata sijaigusa. Sikumshawishi kijana yeyote aingie. Na wanaobeti mechi kwa simu kule nyumbani wasifananishe. Mimi niliitaja bei yangu, wao hutajiwa bei na mwenye duka.

Hata kwa anayecheza vizuri, bahati ina mkono mzito. Mchezaji anayeshinda dola 10 kwa kila migao 100 kwenye meza zile ni hodari. Kwa migao 10,000 anatarajia dola 1,000, lakini mawimbi ya kawaida ya mchezo ni dola 2,000 juu au chini ya hapo. Anaweza kufanya kila kitu sawasawa wiki nyingi, akapoteza. Kwa hiyo nilitenga dola 10,000 ambazo hazikuguswa kwa chakula wala kodi, yaani mara hamsini ya zile ninazoketi nazo meza moja. Kuna waliokuwa na kipaji kunishinda ambao hawakuwa na akiba ile. Sikuwaona tena.

Kisha meza zikabadilika. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa New York walitangaza mashtaka dhidi ya waanzilishi wa kampuni tatu kubwa za poka zilizohudumia Wamarekani, na Wamarekani wakatoweka mezani kwa ghafla. Waliobaki walikuwa wengi wao wanaoishi kwa mchezo. Mwaka 2015 ikaja PioSOLVER, programu inayokokotoa dau sahihi kwa hali unayoiwekea. Januari 2017, huko Pittsburgh, mashine ya Libratus ya Noam Brown na Tuomas Sandholm iliwashinda mabingwa wanne katika migao 120,000, na silaha yake iliyowasumbua ilikuwa madau yanayozidi kitita, wakati mwingine mara kadhaa.

Nilikuwa nikijifunza na kijana wa Dar es Salaam anayeishi Coventry. "Kaka," aliniambia usiku mmoja, "PioSOLVER inasema ree ikitoka mezani, aliyepandisha aweke theluthi tu, na karata zake zote." Tukaikagua pamoja. Aliyepandisha ana ree nyingi kuliko aliyefuata, na dau la theluthi likimfukuza mpinzani mara moja katika nne limejilipa. Nilifurahi sana. Kila tulichofungua kilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa hesabu.

Lakini programu ileile walikuwa nayo wote. Kufikia 2019 kumbukumbu zangu zilionyesha ushindi wa dola 2 kwa kila migao 100. Kwa migao 500 kwa saa, meza nane kwa mpigo, hiyo ni dola 10. Kima cha chini cha mshahara Uingereza mwaka ule, kwa mwenye miaka 25 na zaidi, kilikuwa pauni 8.21 kwa saa, ambazo zilizidi kidogo dola 10, na ghala halina wiki za kupoteza. Nikatoa fedha zote akauntini, nikaomba zamu za mchana.