Ua la Buluu Penye Udongo Mweusi

Mtaa wa Mbotela uko mashariki ya mji wa Nairobi, jirani na Makongeni, upande wa kusini wa Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm. Ulijengwa katika miaka ya 1950, ukapewa jina la Tom Mbotela, aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, naye aliuawa mjini humo mwezi wa Novemba 1952. Nyumba zake ni ndogo, zimepangwa safu kwa safu, na mwenye hatua tatu za ardhi mbele ya mlango wake hujiona ana shamba.

Lakini ardhi yenyewe ni ngumu. Huko Kabete jembe huingia katika udongo mwekundu, wenye kina, usiotuamisha maji. Ukishuka kuelekea mashariki udongo hugeuka mweusi, ule wa mbuga. Mvua ikinyesha hunata viatuni kama ulimbo. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Wakati wa ukoloni Wazungu walijichagulia vilima vyenye udongo mwekundu, na mitaa ya Waafrika ikajengwa penye mweusi. Basi mtu aonaye maua mengi magharibi ya mji, akasema kuwa watu wa mashariki hawajali bustani, huyo hajapata kulima pande zote mbili.

Liko ua moja lisilohitaji ardhi ya mtaa hata kidogo, nalo ni lobelia, la jamii ya maua ya kengele. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Halizidi shubiri kwa urefu, mizizi yake ni mifupi, na rangi yake ni buluu iliyokolea, mara nyingi lenye doa jeupe katikati. Linao ndugu wakubwa katika Mlima Kenya. Mmoja wao, aliyepewa jina la Teleki, Mhungaria aliyefika huko mwaka 1887, husimamisha shina la maua refu kuliko mtu, huchanua mara moja tu, kisha hufa. Hao wasing'olewe kuletwa mjini: wamezoea baridi kali, watakufa bure, na tena mlima huo ni hifadhi ya taifa tangu 1949.

Lobelia ndogo hupandwa katika debe lililokatwa nusu na kutobolewa chini. Udongo mwekundu hununuliwa kwa wauza miche kando ya barabara, ukachanganywa na mchanga na samadi iliyooza sana. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Wengi hushindwa hapa, maana huzifukia kama maharagwe, nazo zahitaji mwanga ili ziote. Zichanganywe na mchanga mkavu, zinyunyizwe juu, basi. Wala maji yasimwagwe kutoka juu, yatazikusanya pembeni. Debe liwekwe ndani ya karai lenye maji kidogo mpaka udongo uloe kutoka chini. Miche ikitokea, ihamishwe kwa vifungu vidogo, si mmoja mmoja.

Ikipandwa mwezi wa Machi itakuwa na maua wakati wa baridi ya Juni na Julai, na baridi hiyo huipenda. Jua la mchana la Januari huichosha. Afadhali ipate jua la asubuhi tu. Maua ya kwanza yakianza kunyauka, mmea ukatwe nusu, nao utachanua tena.

Jambo moja lisisahauliwe na wenye watoto wadogo au mbuzi: mmea huu una sumu, usiliwe.

Debe moja likiachwa bila kukatwa hutoa mbegu za kutosha majirani wengi. Vitumba vikikauka vikungutwe juu ya karatasi asubuhi isiyo na upepo, na mbegu zihifadhiwe penye ukavu mpaka Machi.