Milki na Dhamana

Katika Ulaya ya zama za kati, dyuki alikuwa mtawala wa nchi nzima chini ya mfalme au kaisari. Ardhi yake ilikuwa ya namna mbili. Moja ilikuwa milki, aliyoirithi kwa wazee wake. Ya pili ilikuwa dhamana, aliyokabidhiwa na bwana wake pamoja na cheo. Dhamana ilitamaniwa kuliko milki, kwa kuwa ilileta askari, hukumu na heshima. Lakini mkono uliotoa uliweza pia kutwaa.

Jambo hili lilidhihirika Ujerumani katika maisha ya Heinrich, aliyepewa jina la Simba. Baba yake alivuliwa udyuki wa Saksonia na wa Bavaria mwaka 1138. Mwana akarudishiwa Saksonia mwaka 1142, na Bavaria mwaka 1156. Lakini Bavaria ilikwisha pata mwenyewe, Heinrich Jasomirgott. Kaisari Friedrich Barbarossa hakutaka kumtoa mtu huyo mikono mitupu, basi akaikata Austria kutoka katika Bavaria, akaifanya udyuki mpya kwa ajili yake. Ugomvi ukapoa kwa kuumbwa cheo.

Simba akapata nguvu zilizowatia wivu majirani. Alianzisha soko la München mwaka 1158, akaujenga upya mji wa Lübeck mwaka 1159. Mwaka 1176 Kaisari alihitaji askari wa vita vya Italia, Simba akamnyima. Majirani wakapata nafasi ya kumshitaki. Aliitwa barazani mara kadhaa, asiende. Mwaka 1180 Saksonia ikagawanywa, na Bavaria akapewa Otto wa Wittelsbach, ambaye ukoo wake uliishika hata mwaka 1918. Ndivyo ilivyo nguo ya kuazima: mwenyewe akiitaka, aliyeivaa hubaki uchi. Alipokufa mwaka 1195, Simba alikuwa amesaliwa na milki ya wazee wake tu, pande za Braunschweig na Lüneburg.

Mwaka 1235 mjukuu wake, Otto, aliitoa milki hiyo mikononi mwa Kaisari Friedrich II, kisha akarudishiwa kama dhamana, na cheo cha dyuki juu yake. Kilichomsalia babu baada ya kuvuliwa kila kitu, mjukuu alikitoa kwa hiari, ili aketi tena miongoni mwa wakuu wa dola.