Asiyeweza Kuzuia Choo

Yako maradhi ambayo mtu akiyapata jirani wote huja kumjulia hali, na yako ambayo mgonjwa huyaficha hata kwa watoto wake. Kushindwa kuzuia choo kikubwa ni katika hayo ya pili.

Katika nyumba yetu hapa Ujiji tunaye mama mzee aliyepatwa nayo. Kwanza aliacha kwenda arusini na matangani. Kisha akapunguza chakula. Mwisho akautia msala wake sandukuni. Alipoulizwa alijibu, "Wanangu, sina twahara tena." Neno hilo lilituuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Tulimpeleka kwa daktari mjini Kigoma, tukafahamishwa mambo mawili. La kwanza, msuli unaofunga njia ya haja huweza kuchanika wakati wa kuzaa, na athari yake ikadhihiri baada ya miaka mingi, mwili unapolegea. La pili, choo kigumu kikiziba tumboni, cha majimaji hupita pembeni. Watu wa nyumbani wakadhani ni kuhara, wakatoa dawa ya kufunga tumbo, na taabu ikazidi.

Basi mama alizidishiwa maji, mboga na matunda. Kila asubuhi baada ya chai huenda chooni, kwani chakula kikiingia tumboni utumbo huamka. Mara kadhaa kwa siku huukaza msuli ule kama mtu azuiaye upepo, kisha huulegeza. Akichafuka hunawa kwa maji, hujikausha bila kusugua, na hupaka mafuta ya mgando ili ngozi isichubuke. Hakupona kabisa, lakini siku mbaya zimekuwa chache.

Mwenye kuona damu katika choo na amwone daktari upesi. Na ambaye hali hii imemjia ghafula, pamoja na ganzi ya mapajani au udhaifu wa miguu, apelekwe hospitali siku ile ile. Tena wako wanawake vijana ambao, kwa uchungu wa kuzaa uliokawia mno, wametobokwa ndani, wakavuja mkojo au choo. Hiyo ndiyo fistula, nayo hutibika kwa kupasuliwa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wengi bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kuwatumia nauli kwa njia ya simu wagonjwa wa mbali. Kwa hiyo asiwepo mume wa kumwacha mkewe kwa ajili ya jeraha alilolipata akimzalia mtoto.

Ama Sala, haimwondokei mgonjwa huyu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwanamke aliyetokwa na damu isiyokatika atawadhe kwa kila Sala. Kwa msingi huo wanazuoni wa Kishafi wamefundisha kwamba mwenye udhuru wa kudumu hungoja wakati uingie, hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha, kisha husali mara moja. Na kila faradhi huwa na udhu wake. Kitakachomtoka baadaye bila hiari hakimbatilishii Sala hiyo. Na kama upo wakati ajuao kuwa hutulia, ausubiri huo.

Enyi vijana, wazee wetu walitusafisha tulipokuwa hatujui kusema, wala hawakuziba pua. Msicheke, msinong'one. Wekeni maji na nguo safi karibu, mwulizeni mgonjwa kwa upole, na mumfikishe kwa daktari. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie subira ya kuwahudumia. Amin.