Njia ya Kwenda, Njia ya Kurudi

Ajuza mmoja wa Tulia, katika kaunti ya Kitui, ana mazoea ya kuhesabu saa. Mwanawe alipoondoka Nairobi kwenda New York mwezi wa Januari 2019, kwa ndege isiyotua popote njiani, safari ilichukua saa 15. Usafiri huo wa moja kwa moja ulikuwa bado mpya. Shirika la Ndege la Kenya lilikuwa limeuanzisha tarehe 28 Oktoba 2018. Mwana aliporejea Desemba 2022 kumzika babake, mama alihesabu tena. Zikawa 14. Akakaa wiki moja, akaondoka, na tangu hapo hajarudi.

“Ile saa moja ilikwenda wapi?” ajuza alimwuliza mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu.

Kijana alimweleza kwamba kiini cha jambo hilo ni upepo. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi, mikondo mikali ya upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Hupata nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini, ambapo tofauti ya joto baina ya ncha ya dunia na nchi za joto huwa kubwa, na huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ndege iendayo Marekani huukwepa mkondo huo, hata ikibidi kuzunguka. Itokayo huko huutafuta. Na kwa kuwa mkondo wenyewe hupindapinda na kuhama, njia kuu za ndege baina ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini hupangwa upya mara mbili kila siku, na vituo vya Gander, Kanada, na Prestwick, Uskoti. Miji ni ile ile, ila njia ya leo si ya jana. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege moja ilitoka New York ikafika London kabla ya saa 5 kutimia, ilhali kwa kawaida safari hiyo hupita saa 6.

Ajuza hakuonekana kuridhika. Mjukuu akaleta mfano wa majahazi ya Pwani, yaliyoletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Lakini susu yake hajapata kuiona bahari.

“Mjukuu wangu,” hatimaye ajuza alisema, “kiangazi sisi hukata mchanga wa mto tukafika sokoni upesi. Mvua za Novemba zikija, twazunguka hadi darajani. Soko ni lile lile. Kumbe hata mbinguni kuna mto.”

“Ndivyo, Susu.”

“Basi arudiye nyumbani ndiye asukumwaye na mto.”

Kijana alifumbua kinywa, kisha akakifumba. Alijua kwamba upepo haujui nyumbani kwa mtu ni wapi; humsukuma vilevile mtalii aendaye kutazama ndovu. Tena alijua kuwa kilichomzuia mjomba wake miaka yote hiyo si upepo. Hakuyasema.

Tangu siku hiyo, kila simu kutoka New York inapolia, ajuza humsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha humkumbusha jambo moja tu: njia ya kuja ni fupi kuliko ya kwenda.