Namba Nilizoandika Kashebere

Niliandika 0.5 mara 14 katika ukurasa mmoja wa daftari. Moja tu ndiyo ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye dawati la shule pale Kashebere, mvua inapiga mabati mpaka mtu hasikii anachoambiwa, na orodha yangu ya siku ile ilikuwa na nyumba 14. Nilikuwa nimefika tatu. Zile 11 nilizijaza papo hapo, bila kuinuka. Na kati ya tatu nilizofika, mbili nilibadilisha matokeo yake ili yafanane na lile moja jema.

Sijawahi kulisema hili mbele ya watu. Nilimwambia mtu mmoja tu, tena kwa kuchelewa, na nitafika hapo.

Ilikuwa Februari 2025. Mji wa Masisi ulikuwa umetekwa na waasi mwanzoni mwa Januari, Goma ikafuata mwishoni mwa mwezi uleule, na njia ya Nyabiondo ilijaa watu wenye magodoro vichwani. Kashebere iko mashariki mwa Kongo, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanzia, milima ya malisho inapoanza kumezwa na msitu. Wadeplase, yaani waliokimbia makwao, walilala makanisani, madarasani, na wengi zaidi katika nyumba za wenyeji. Nyumba iliyozoea watu saba ilijikuta na watu ishirini, choo kilekile, kijito kilekile. Shirika moja lililokuwa likigawa dawa ya maji lilitafuta watu wanaojua njia na lugha za pale, nami nikachukuliwa kwa malipo ya siku. Jina lake silitaji, kwa sababu kosa ninaloliungama si lake.

Kazi yangu ilikuwa kugawa vidonge vya klorini, kuwaonyesha akina mama namna ya kuvitumia, kisha kurudi baada ya siku mbili tatu na kupima maji yaliyomo ndani ya nyumba. Kwa mahali kama pale, kidonge ni kitu cha thamani kubwa. Barabara ile ikinyeshewa, hata pikipiki husukumwa. Vitu vingi hufika mgongoni mwa mtu. Kidonge kimoja cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu, kwa hiyo ule ukanda wa vidonge 10 unaoingia mfuko wa shati ni lita 200. Kuchemsha kunataka kuni, na siku zile mama aliyeingia msituni kutafuta kuni hakujua atakutana na nani. Kuanika maji juani katika chupa, njia iliyojaribiwa kwa watoto wa Kimasai huko Kenya miaka ya 1990 ikapunguza kuhara, kunataka saa 6 za jua na maji yanayopenya mwanga. Sisi tulikuwa na mawingu na matope.

Matope ndiyo yaliyoniangusha. Kipimo cha kidonge kimoja ni cha maji maangavu. Klorini haichagui cha kupigana nacho: ikiingia katika maji yenye udongo na majani yaliyooza, inajimaliza kwa uchafu huo, na vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe za udongo vinabaki salama. Kwa hiyo maji machafu huachwa yatulie kwanza, yakachujwa kwa kitambaa, yakapewa dozi mara mbili, yaani vidonge viwili kwa lita 20, na mtu akangoja dakika 30. Hata hapo kazi haijaisha. Inatakiwa ibaki klorini ya akiba, miligramu 0.5 hivi katika kila lita, ili mtoto akizamisha kikombe na mkono mchafu ndani ya ndoo, maji yawe bado na nguvu ya kujilinda. Hiyo ndiyo 0.5 yangu.

Haya yote niliyajua. Aibu yangu iko hapo. Nilifundishwa siku nzima, nikauliza maswali, nikasifiwa kwa maswali yenyewe. Lakini nilipohesabu makatoni, kisha nikahesabu vichwa, niliona kwamba tukitoa viwili viwili tutaishiwa kabla ya wiki mbili. Sikumuuliza mtu. Nikajiamulia: nitawaambia kimoja. Nikasimama mbele ya kanisa nikapaza sauti, "Bidoni moja, kidonge kimoja!" Bidoni ndilo dumu la maji. Watoto wakalidaka likawa wimbo. Walikuwa wakiliimba wakishuka kijitoni.

Na bidoni ipi? Mimi nilikuwa naiona kichwani ile ya njano ya lita 20. Mtu aliyekimbia usiku habebi bidoni ya lita 20, anabeba mtoto. Wengi waliazima vibidoni vya mafuta vya lita 5, wengine sufuria, wengine ndoo ambazo hakuna ajuaye ujazo wake. Nyumba moja ikatia kidonge kizima katika lita 5, maji yakanuka javeli, watoto wakayatema na kurudi kunywa kijitoni. Nyumba nyingine ikawa na ndoo kubwa ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa, ikatia kimoja kama wimbo ulivyosema, na kile kimoja kikapotea mle ndani bila kufanya lolote.

Siku ya kupima nilikuwa na kile kisanduku kidogo cha plastiki ambacho wengine hukitumia kupimia maji ya mabwawa ya kuogelea. Unajaza maji, unatia kidonge cha kupimia kiitwacho DPD, unafunika, unatikisa. Klorini ikiwapo, maji yanageuka rangi ya waridi. Kadiri waridi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi, nawe unalinganisha na rangi zilizochorwa ubavuni. Ni kipimo ambacho hata mtoto wa shule ya msingi angekisoma.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu, mwenyeji wa pale. Bidoni ya lita 20, maji ameyaacha yatulie usiku kucha, akayamimina taratibu. Waridi safi. Nikaandika.

Nyumba ya pili alikuwamo koko mmoja, bibi mzee, aliyefika na wajukuu wanne. Wazazi wao hakuwataja, nami sikuuliza. Alikuwa amelaza mdogo kuliko wote mapajani. "Karibu, mwana wangu," akasema, "dawa yako imo ndani ya ndoo." Nikachota, nikatia kidonge cha kupimia, nikatikisa. Maji yalibaki na rangi yake ileile ya udongo. Nikatikisa tena, nikainua kwenye mwanga wa mlango. Hakuna waridi hata ya kubahatisha.

Akanitazama usoni. "Imekubali?"

"Imekubali, koko."

Akamshukuru Mungu, akachota kikombe, akamnywesha yule mtoto mbele yangu. Mimi nilikuwa naandika.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza nafsini mwangu kwa nini mdomo wangu ulitoa neno lile. Si uvivu. Ningesema "haikukubali," ilinipasa nimwambie kwa nini, na sababu ilikuwa mimi: wimbo wangu, hesabu yangu ya makatoni, kidonge kimoja mahali pa viwili. Sifuri ile isingekuwa ya ndoo yake, ingekuwa yangu. Nyumba ya tatu ilitoa rangi iliyofifia, 0.1. Kisha mvua ikashuka, na nakiri kwamba niliifurahia, kwa sababu ilinipa ruhusa ya kutokwenda nyumba ya nne.

Nami si mtu ambaye angeweza kusema hakujua maji yanaweza kufanya nini. Nilikuwa na miaka tisa, Goma, Julai 1994. Kati ya tarehe 14 na 18 walivuka mpaka kutoka Rwanda watu kati ya 500,000 na 800,000. Tarehe 20 kipindupindu kikathibitishwa. Ndani ya mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ziwa Kivu lilikuwa palepale, mtu analiona. Kilichokosekana ni maji yaliyosafishwa na magari ya kuyapandisha hadi kambi ya Kibumba, ambako hapakuwa na chemchemi. Wiki ya kwanza mgao wa maji safi ulikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku, kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Mashine za kusafisha maji za jeshi la Marekani zilifika ziwani mwishoni mwa mwezi. Ardhi ilikuwa mawe ya volkano, haichimbiki choo, haichimbiki kaburi. Nakumbuka mikeka iliyofungwa kandokando ya barabara, na mama yangu akinifunika uso kwa kitenge chake tulipokuwa tunapita. Niliona kupitia kitambaa. Na mtu aliyeona yale ndiye aliyesema "imekubali."

Ukurasa wangu ulisomwa. Hilo ndilo ambalo sikulifikiria: kwamba kuna mtu anazisoma namba zile na kuamua kwazo. Msimamizi wetu alikuwa na akiba ndogo ya zile pakiti za unga zinazofanya kazi mbili kwa pamoja, kukusanya tope likazama chini na kuua vijidudu. Pakiti moja ni ya lita 10: unakoroga dakika 5, unaacha tope litulie, unachuja kwa kitambaa cha pamba, unangoja dakika 20. Zinataka ndoo mbili na mtu mwenye subira, lakini ndizo zilizofaa kwa maji yetu. Hazikutosha kwenda kila mahali. Akatazama daftari, akaona Kashebere ina 0.5 kutoka juu hadi chini, akazipeleka kwingine. Alifanya sawasawa kabisa kwa namba alizopewa.

Siku kama kumi baadaye watoto wa upande ule walianza kupelekwa kituo cha afya kwa kuhara. Mjukuu mdogo wa koko alikuwa mmoja wao. Alirudi hai, amekonda, macho yameingia ndani. Siwezi kuthibitisha kwamba alichokunywa mbele yangu ndicho kilichomwangusha. Palikuwa na choo kimoja kwa watu wengi, nzi, mikono isiyo na sabuni. Nimesema sentensi hiyo moyoni mara nyingi mno. Ni ya kweli, na nimekuwa nikilala chini yake kama mtu anayejificha chini ya kitanda.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba hata bila pakiti, hata bila kidonge cha pili, palikuwa na la kumwambia. Huko Bangladesh watafiti walifundisha akina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48 katika vijiji walikofundisha. Sari kuukuu ilishinda mpya, kwa kuwa nyuzi zake zilizochakaa hubana matundu. Koko alikuwa amejifunga kitenge kilichopauka kwa kufuliwa. Ningesema, "Koko, haikukubali. Tukunje kitenge chako, tuchuje, tutie vidonge viwili, tungoje pamoja." Ingetuchukua saa moja. Nilikuwa na saa hiyo, niliitumia kukaa darasani na kalamu.

Machi vita vikashuka kuelekea Walikale, na tarehe 19 mji wa Walikale ukatekwa. Waliokimbilia kwetu wakakimbia tena, na wenyeji wakakimbia nao. Nilipoonana na msimamizi wangu ilikuwa tayari mwezi wa nne. Nilimwambia yote, nimesimama, kwa sababu nilihisi nikikaa nitaanza kujitetea. Alikuwa na picha ya ukurasa wangu kwenye simu. Hakunifokea. Aliikuza kwa vidole viwili akaniwekea mbele.

"Papa, nionyeshe zilizo za kweli."

Nikamwambia: nyumba ya kwanza 0.5, ya pili 0.0, ya tatu 0.1.

"Na hizi 11?"

"Sikufika, mama."

Akachukua karatasi, akaandika zile namba tatu chini kwa chini, akaacha nafasi tupu 11. Kisha akaweka kidole kwenye 0.0.

"Huyu yuko wapi sasa?"

Nikamwambia nilisikia yeye na wajukuu walionekana njiani, wameshika upande wa msituni, mkubwa amebeba ndoo kichwani.