Mkono Ulioachia

Enyi wasomaji wetu, katika mpira wa Kimarekani mna walinzi wa mstari wa mbele, ambao kazi yao ni kuuvunja ukuta wa wapinzani na kumkamata mrushaji wa mpira.

Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliifanya kazi hiyo katika New York Giants tangu mwaka 2006 hata 2014. Mwaka ule wa kwanza alimkamata barabara mrushaji wa Tennessee. Akadhani mpira umekwisha rushwa, akaogopa adhabu, akamwachia. Yule akaponyoka, na Giants, waliokuwa wakiongoza 21 kwa 0, wakashindwa 24 kwa 21.

Nasi hapa Shinyanga tulifanya vivyo hivyo. Mwanafunzi wetu, aliyebakiza juzuu tatu kuhitimu, alikuja kutuaga aende machimboni Geita. Tulikuwa tumemshika mkono. Tukauachia kwa kuogopa maneno ya baba yake. Hakurudi chuoni.

Lakini Kiwanuka hakukaa akijilaumu. Mwaka 2007 alivunjika mguu, mwaka 2010 akaumia shingo, akarejea. Na Februari 2012 alitwaa ubingwa mjini Indianapolis, alikozaliwa.

Basi nasi tumeazimia kumfuata kijana wetu huko huko kwenye maduara. Kuchimba dhahabu ni kutafuta riziki, hatumkatazi. Jioni atakapopanda juu atatukuta na msahafu. Enyi wazee, mkono wa mtoto msiuachie kwa kuogopa maneno ya watu.

Wabillahi tawfiq.