Haifai

Siku niliyoshuka Tanga na amplifaya yangu, baba aliniambia niiweke juu ya meza ya cherehani cha marehemu mama, kwa kuwa ndiyo meza pekee iliyo karibu na soketi. Akavaa miwani, akainama, akasoma kwa sauti maandishi ya kwenye kona ya chini.

"Haifai," alisema. Akavua miwani. "Umetoa hela zote hizo, mwanangu, na wenyewe walishakuandikia mapema."

Imeandikwa Hi-Fi. Baba anasema utani huo aliusikia kwa fundi redio mmoja wa Ngamiani kabla sijazaliwa, na hajawahi kuuchoka. Herufi zenyewe ni kifupi cha maneno yenye maana ya uaminifu wa hali ya juu. Kifaa kinachostahili jina hilo kinatakiwa kukufikishia sauti kama ilivyotoka kwa mwenyewe, bila kuongeza wala kupunguza. Mjumbe hauawi, lakini mjumbe anayetia chumvi maneno ya watu hatumwi tena.

Mimi ni mgonjwa wa mambo haya. Kazi yangu ni uhasibu, Dar es Salaam, na kwa miaka sita sasa hela inayobaki baada ya kodi ya nyumba imekuwa ikiishia kwenye spika, deki na amplifaya zilizotumika. Tuko watano. Jumapili mojamoja tunakutana kwa yule mwenye sebule kubwa, tunabishana mambo ambayo wake zetu hawataki kuyasikia. Je, waya mnene wa spika unaleta tofauti? Je, CD, ambayo hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, inapoteza kitu? (Haipotezi. Ili kuikamata sauti unahitaji kuipima zaidi ya mara mbili ya mitetemo yake, na sikio la binadamu, hata la kijana, linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mwenye sebule bado hajakubali.) Tunakubaliana tu kuhusu maadui. Ni watatu: ile "ssss" ya utepe, mvumo wa umeme, na mashine isiyokwenda mwendo wake.

Kanda ya mama ilikuwa na maadui wote watatu.

Mwaka 1996, nikiwa na miaka mitatu, mama alirekodi barua. Wakati huo watu wa pwani wenye ndugu Uarabuni walikuwa wakitumiana kaseti: unazungumza upande A, unampa mtu anayesafiri, ndugu yako anakujibu upande B. Mama alimzungumzia dada yake aliyekuwa Muscat. Wiki chache baadaye malaria ilimpanda kichwani, na katika siku nne akawa ametutoka. Mama mkubwa alikuwa ameshajibu upande B kabla habari hazijamfikia. Hakuituma. Aliileta mwenyewe mwaka 2007 aliporudi, akaniwekea mkononi nikiwa kidato cha pili.

Picha za mama zipo mbili. Sauti yake sikuwa nayo kabisa hadi siku ile. Nilinunua Walkman ya bei rahisi sokoni, nikajifunika shuka, nikasikiliza. Sauti ilikuwa nyembamba, ya haraka, kama ya msichana anayesimulia huku anakimbia. Ilikuwa na ukungu, maneno mengine hayakukamatika, lakini nilirudia mpaka nikaweza kuifuatisha neno kwa neno. Palikuwa na sentensi moja iliyonikaa: "Mimi niko hapa, dada, napona taratibu." Kumbe alikuwa anaumwa tangu hapo, nikafikiri, na hakutaka kumtia dada yake wasiwasi. Kwa miaka mingi huyo ndiye mama niliyekuwa naye: mwembamba wa sauti, mwepesi, anayeficha ugonjwa.

Nilimpelekea baba Walkman na spika zake za visikio. Alisikiliza kwa muda ambao haukufika nusu dakika, akavivua.

"Huyo siye," alisema, akatoka nje.

Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Niliona ni uchungu wa mjane. Sikuwahi kumletea tena.

Nilipopata deki nzuri ya kaseti, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipeleka kwa fundi kunyooshwa. Akatumia kanda maalumu ya kupimia, akarekebisha kila kitu, akanirudishia ikiwa kama mpya. Nikaweka kanda ya mama. Ukungu uleule. Nikageuza upande B, na mama mkubwa akazungumza kutoka Muscat kwa sauti safi, kila herufi mahali pake. Utepe ulikuwa uleule na deki ileile. Nikairudisha Kariakoo kulalamika.

Fundi alisikiliza pande zote mbili, akatabasamu.

"Deki yako nzima," alisema. "Imenyooka. Ndiyo shida."

"Shida kwa nani, mzee?"

"Kwa huyu wa upande A. Mashine iliyomrekodi ilikuwa na hedi iliyoinama. Wewe umenyooka, yeye kainama, mtasikilizana vipi? Chukua bisibisi, mfuate alikoinamia."

Jambo lenyewe liko hivi. Hedi ndiyo inayosoma utepe, na ina ufa mwembamba unaotakiwa kusimama wima kabisa, nyuzi 90 kwa mwendo wa utepe. Utepe wa kaseti hupita mbele yake kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Gawanya hiyo kwa mitetemo 10,000, na utaona kwamba wimbi moja la sauti kali linapata nafasi isiyofika mikroni 5 za utepe. Unywele wa kichwani mwako una mikroni kama 70. Ufa ukiinama kidogo tu kuliko wimbi lilivyoandikwa, ncha ya juu inasoma mwanzo wa wimbi wakati ncha ya chini inasoma mwisho wake, na vinafutana. Sauti za besi hazidhuriki, mawimbi yake ni marefu. Zinazokufa ni zile kali: s, sh, f. Mashine iliyonyooka haiwezi kuziokoa, kwa sababu kwenye utepe ule kosa limeandikwa pamoja na sauti. Lazima ukosee vilevile.

Nilisita. Deki ilikuwa imetoka kunyooshwa, na hela nilikuwa nimeshalipa. Usiku huo niliunganisha chaneli mbili ziwe moja, kwa sababu hapo kosa husikika zaidi, nikaanza kuzungusha skrubu ndogo ya pembeni ya hedi, robo ya robo ya mzunguko. Ukungu ukazidi. Nikarudi upande wa pili. Ghafla, kama mtu aliyeondoa kitambaa mdomoni, mama akatamka sh.

"Mimi niko hapa, dada, nashona taratibu."

Nilirudisha nyuma mara ngapi sijui. Nashona. Hakuna mgonjwa aliyekuwa akificha kitu. Palikuwa na mwanamke aliyekaa kwenye cherehani chake, na mimi nilikuwa nimemuuguza kwa zaidi ya miaka kumi kwa sababu ya pembe ya ufa usioonekana kwa macho.

Nikaiingiza kanda kwenye kompyuta, dakika 10 kamili, nikaanza kusafisha. Nilijaribu kuiondoa "ssss", programu ikaiondoa pamoja na ile pumzi anayovuta kabla ya kucheka, na cheko likabaki linaning'inia bila mwanzo. Nikarudisha "ssss". Mvumo je? Mvumo ni rahisi. Umeme wetu huenda mitetemo 50 kwa sekunde. Kapasita za redio zikichoka, umeme haunyooki vizuri ndani, na mvumo hutokea hasa kwenye mara mbili yake, 100. Unafungua picha ya masafa ya sauti, unauona umesimama kama nguzo, unaukata.

Kwenye picha ile nguzo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kwenye 100, fupi. Nyingine, ndefu, kwenye 110.

Ya 100 niliijua. Ilikuwepo hata kanda ikiwa imesimama, kwa hiyo ilikuwa ya deki yangu mwenyewe. Lakini 110? Hakuna umeme wa 55 nchini. Nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa. Kisha nikaelewa, na mikono ikaanza kutetemeka kabla sijamaliza hesabu.

Mvumo ule ulikuwa wa redio kaseti iliyomrekodi mama. Siku ile, chumbani kwao, ulikuwa 100 kama mvumo wa nyumba yoyote. Mkanda wa mpira unaozungushwa na mota ulikuwa umelegea, utepe ukawa unakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Kinachorekodiwa polepole kikija kupigwa kwa mwendo sahihi hukimbia: 100 inakuwa 110. Na kama mvumo umekimbizwa hivyo, basi kila kitu kilichokuwa chumbani kimekimbizwa nao. Gari lililopita nje, mlango, mama.

Adui niliyetaka kumkata ndiye aliyekuwa shahidi pekee. Nilipunguza mwendo mpaka nguzo ya 110 ikasimama kwenye 100. Hata umeme wenyewe hupepesuka kidogo, hivyo sitaapa kwamba nimepata kila chembe. Lakini dakika 10 zikawa dakika 11. Dakika nzima ya mama ilikuwa imekunjwa ndani ya kasi ile.

Nilibonyeza kitufe, na aliyezungumza alikuwa mtu nisiyemjua.

Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamke mtu mzima. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alipocheka alicheka kutoka tumboni, kisha akanyamaza kama mtu anayetoboa sindano mahali pagumu, kisha akaendelea. Yule msichana niliyelala naye chini ya shuka nikiwa na miaka 14 hakuwahi kuishi popote. Alitengenezwa na mkanda wa mpira uliochoka.

Sikumwambia mtu kwa wiki tatu, hata wale wa Jumapili. Wangenipongeza, na pongezi ndiyo kitu ambacho nisingekiweza. Nilikuwa na mafaili mawili, la dakika 10 na la dakika 11, na mkono wangu usiku ulikuwa ukienda kwenye la kwanza. Uaminifu niliokuwa nikiutafuta kwa miaka sita ulikuwa umefika, na mimi nilikuwa kama mtu aliyefiwa upya. Pia nilikuwa nikimkumbuka baba mlangoni, mgongo wake ukitoka nje. Huyo siye. Hakuwa akisema kwa uchungu. Alikuwa akitoa ushahidi, na ushahidi wake ulikuwa sahihi kwa asilimia 10.

Ndipo nikapanda basi la Tanga na amplifaya na spika mbili ndogo.

Sikumweleza chochote kuhusu hedi wala mitetemo. Nilimwambia tu kwamba nimeitengeneza ile kanda, nisikie neno lake. Alikaa kwenye kiti chake cha ukambaa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini. Nikabonyeza.

Baba sasa hasikii vizuri. Sauti kali zimeanza kumkimbia, kama zinavyowakimbia wazee wengi, na huenda zile s na sh nilizohangaikia hazikumfikia hata moja. Lakini mama alipovuta pumzi ya kwanza, baba aliinua kichwa. Alisikiliza hadi pale penye "nashona taratibu," akanyoosha kidole kwenye cherehani, chini ya amplifaya.

"Gauni la binti wa jirani," alisema. "Hakulimaliza. Nililipeleka kwa fundi mwingine, na yule fundi akaniuliza nani aliyekata kitambaa vizuri hivi."

Dakika ya 7 kuna mlango, na mwanaume anakohoa. Baba akacheka.

"Huyo mimi. Nilikuwa sijui kama anarekodi."

"Kuna huu mvumo," nikamwambia. "Naweza kuutoa."

"Utoe uende wapi? Redio ile ilikuwa ikivuma hivyohivyo. Mama yako alikuwa akiipiga kofi."

Kanda ikaisha kwa ile "trak" ya kitufe. Nilingoja aseme kwamba ndiye. Hakusema. Alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akatazama amplifaya kama anataka kuyasoma tena yale maandishi ya pembeni.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema. "Pale anapocheka."